Gari-nyumba, Mbwa na Mto Iowa: Mwongozo wa Kupiga Kambi Wikiendi ya Mechi

Ikikaribia Agosti, simu yangu huanza kulia. Wanaopiga ni Watanzania, Wakenya, Warundi na Wakongomani wa huku Iowa City na Coralville, jimboni Iowa, Marekani, siku hizi hata wa Des Moines na Chicago, na maswali ni yale yale matatu. RV mnakodi wapi? Kambini mbwa anaruhusiwa? Halafu la tatu, ambalo mtu huliuliza kwa sauti ya chini kidogo: naweza kumfungia mbwa ndani ya gari nikaenda zangu uwanjani?

Hilo la tatu nalijibu hapa hapa, kwa sababu ndilo linaloharibu wikiendi za watu. Hapana. Usinunue tiketi ya mechi kabla hujajua mbwa atabaki na nani. Mengine yote yaliyomo humu yanafundishika kwa mchana mmoja.

Kwa asiyeijua, RV ni gari-nyumba: kitanda, jiko, choo na bafu juu ya magurudumu. Lingine lina injini yake, lingine ni trela linalovutwa na pikapu. Na futiboli ninayoisema si soka yetu, ni ile ya mpira uliochongoka, unaobebwa mkononi. Hapa timu ni Hawkeyes wa Chuo Kikuu cha Iowa. Wanacheza Kinnick, uwanja unaoingiza watu 69,250, katika mji wenye wakazi karibu 75,000. Hesabu mwenyewe Jumamosi ya mechi barabara zinakuwaje.

Sisi huenda kambi za bwawa la Coralville, kaskazini mwa mji. Zinaendeshwa na Kikosi cha Wahandisi wa Jeshi la Marekani. Tailwater West na Tailwater East ziko chini ya ukuta wa bwawa, mto Iowa unapita karibu kabisa. West Overlook na Sugar Bottom ziko upande wa ziwani. Mimi ni mtu wa Tailwater. Kukiwa na ukungu asubuhi unasikia maji yakitoka bwawani kabla hujafungua dirisha. Kwa siku ya kawaida uwanja hauzidi nusu saa kwa gari. Siku ya mechi hiyo sahau.

Kabla ya kuanza, uwe na hivi

Vya mbwa:

- Cheti cha chanjo ya kichaa cha mbwa. Sheria ya Iowa inataka kila mbwa wa miezi sita kwenda juu awe amechanjwa. Piga picha cheti, kiwe kwenye simu.
- Kamba isiyozidi futi 6, yaani kama mita 1.8. Ndiyo kanuni ya kambi zote za kikosi hicho. Zile kamba za kujivuta zenye futi 16 acha nyumbani.
- Kola yenye namba yako ya simu, na chipu ya utambulisho (ile ya chini ya ngozi) iliyosajiliwa kwa namba unayotumia sasa, si ile ya laini uliyoitupa mwaka juzi.
- Kizimba cha kulalia, na blanketi lake la nyumbani ambalo hujalifua. Ile harufu ndiyo dawa yake ya wasiwasi.
- Dawa ya kupe na dawa ya minyoo ya moyo. Watu hudhani baridi ikianza kupe wamekwisha. Kupe wa kulungu waliokomaa hutembea sana Oktoba na Novemba.
- Fulana ya rangi ya chungwa kali. Sababu iko kwenye hatua ya sita.

Vya gari:

- Mpira wa maji wa kunywa, ule mweupe, na kipunguza nguvu ya maji cha paundi 40 hadi 50.
- Kinga ya umeme ya kuchomeka kwenye nguzo, na adapta ya kutoka ampea 50 kwenda 30 au kinyume chake.
- Vizuizi vya magurudumu, mbao au vipande vya plastiki vya kusawazishia, na pima maji ndogo kama ya fundi mwashi.
- Bomba la kumwagia maji machafu, glavu za mpira na dawa ya tangi la choo.
- Kipima joto kinachotuma ujumbe kwenye simu yako kwa laini yake chenyewe. Kisitegemee Wi-Fi, kwani huku mtoni ni ya kubahatisha.

Kama unakodi, soma mkataba sehemu ya wanyama kabla ya kulipa. Wengi hutoza ada ya mbwa, na wengine hukata dhamana wakikuta manyoya kitandani. Mweleze mwenye gari ukweli mapema. Leseni yako ya kawaida ya udereva inatosha kwa magari mengi yanayokodishwa.

Hatua kwa hatua

1. Panga mbwa atakaa na nani siku ya mechi.

Kinnick haingizi mbwa, isipokuwa wale waliofunzwa kumsaidia mwenye ulemavu. Kambini nako kanuni inasema mnyama aliyeachwa bila mtu anaweza kuchukuliwa papo hapo. Na hata akiwa ndani ya gari, akibweka saa nne mfululizo majirani watamwita mlinzi, na watakuwa na haki yao.

Njia ziko tatu. Ya kwanza, mgawane: mmoja uwanjani, mwingine kambini, mechi ijayo mnabadilishana. Ya pili, mpeleke kwenye kituo cha kulea mbwa mjini. Wikiendi za mechi hujaa, kwa hiyo piga simu wiki nyingi kabla, na vingi vitadai pia chanjo ya kikohozi cha mbwa. Ya tatu, wote mbaki kambini mtazame mechi kwenye skrini chini ya turubai. Nimejaribu zote, na moyo wangu uko kwenye ya tatu. Tiketi ni ghali, foleni ni ndefu, na kambini unageuza nyama huku unatazama. Lakini mechi ya kwanza Kinnick kila mtu aione kwa macho yake. Robo ya kwanza ikiisha, uwanja mzima hugeuka kuwapungia mkono watoto wagonjwa walioko madirishani kwenye hospitali ya watoto iliyo jirani. Desturi hiyo imeanza 2017 tu, na bado inanitoa machozi.

2. Weka nafasi mapema kuliko unavyodhani.

Nafasi huwekwa kwenye tovuti ya Recreation.gov, na hufunguliwa miezi sita kabla ya tarehe ya kufika. Kwa mechi ya katikati ya Oktoba, basi, shika simu katikati ya Aprili. Ukurasa hufunguka saa tatu asubuhi kwa saa za Iowa. Ratiba ya tarehe za mechi hutoka mapema sana, kwa hiyo huna kisingizio.

Saa ya kuanza mechi ni habari nyingine. Televisheni ndiyo inayoamua, na mara nyingi hutangazwa siku 12 kabla, wakati mwingine 6 tu. Inaweza kuwa saa tano asubuhi, saa nane na nusu mchana au saa kumi na mbili na nusu jioni. Chukua Ijumaa hadi Jumapili na usijaribu kubana.

Ukichagua nafasi, soma maelezo yake moja moja: umeme ni wa ampea ngapi, urefu wa kuegesha ni futi ngapi, kuna kivuli au hakuna. Usitegemee bomba la maji kwenye kila nafasi, wala shimo la maji machafu. Mara nyingi unajaza tangi mlangoni na kumwaga kituoni wakati wa kutoka. Angalia pia tarehe ya kufunga msimu, kwa sababu kambi hazifungi siku moja, na mechi za Novemba zinaweza kukuta geti limefungwa.

Wazee wetu wa miaka 62 na zaidi wenye uraia au makazi ya kudumu wana kadi ya taifa ya wazee inayopunguza bei ya kambi hizi kwa nusu. Kadi inatumika mwenye nayo akiwa kambini, si kwa kumwazima mtoto.

3. Mzoeshe mbwa gari kabla ya safari.

Mbwa wetu anaitwa Kaimati, kwa rangi na kwa umbo. Safari yake ya kwanza nilimtupia ndani ya gari asubuhi ile ile ya kuondoka. Alitapika Coralville, kilomita chache tu kutoka mlangoni kwetu.

Sasa tunafanya hivi: gari likiegeshwa nyumbani, siku ya kwanza anakula chakula chake ndani, mlango wazi. Siku ya pili mlango unafungwa, injini au hita inawashwa, asikie milio. Siku ya tatu anazungushwa mtaa mara mbili. Kama gari lina ile sehemu ya ukuta inayotoka nje kama droo, fungua na ufunge akiwa amefungwa kamba mbali nayo, aijue sauti. Mbwa na paka wamebanwa humo. Usiibonyeze kabla hujamwona mbwa kwa macho yako.

Mama yangu, aliyeko Tanga, bado haamini kwamba mbwa analala ndani. Kwake mbwa ni mlinzi, mahali pake ni uani. Nami siwalazimishi wageni. Tulishawahi kupiga kambi na familia ya Kizanzibari na tukaelewana vizuri: kizimba cha Kaimati mlangoni, mkeka wa swala na vyombo vyao kabati la juu, na bomba la nje la kunawia liko wazi muda wote. Yazungumzeni haya kabla hamjaondoka. Mkiwa njiani mmeshachelewa.

4. Barabarani.

Mbwa asitembee ovyo gari likienda. Afungwe mkanda wake wa kifuani kwenye kiti, au awe kizimbani na kizimba kifungwe. Ukikanyaga breki kwa nguvu, mbwa wa kilo 25 anakuwa jiwe. Simama kila baada ya saa mbili, anywe, akojoe.

Jua kimo cha gari lako kwa futi na kibandike mbele ya usukani. Gari-nyumba la kawaida la kukodi lina futi 11 hadi 12. Dirisha la kununulia chakula ukiwa ndani ya gari, paa la kituo cha mafuta na jengo la kuegeshea magari mjini, vyote hivyo vina kimo chake. Niliwahi kuacha kifuniko cha feni ya paa kwenye tawi la mti, na bei yake nisingependa kuitaja.

Fika Ijumaa kabla ya saa tisa alasiri ukiweza. Kuegesha gizani ukiwa mgeni ni njia rahisi ya kugombana na mkeo.

5. Egesha, sawazisha, unganisha, kwa mpangilio huu.

Mbwa abaki ndani au ashikwe na mtu mmoja asiye na kazi nyingine. Weka vizuizi vya magurudumu kwanza. Weka pima maji sakafuni, panda mbao upande ulio chini, kisha shusha jeki za pembeni. Gari lililoinama huharibu usingizi, na zile friji za gesi hazifanyi kazi vizuri zikiinama.

Umeme: zima breka ya nguzo, chomeka kinga, subiri isome kwamba umeme ni salama, chomeka gari, ndipo uwashe breka. Plagi ya ampea 30 ina meno matatu, ya 50 ina manne. Tofauti si ndogo. Ya 30 inakupa wati 3,600 na ya 50 inakupa 12,000. Kwa ampea 30, AC na maikrowevu haviendi pamoja. AC na kikausha nywele, hivyo hivyo. Chagua kimoja.

Maji: fungua bomba limwagike sekunde kadhaa, funga kipunguza nguvu, ndipo mpira. Kama nafasi yako haina bomba, jaza tangi unapoingia na utumie pampu.

Tangi la choo: acha vali yake imefungwa mpaka siku ya kumwaga. Hata pale penye shimo la maji machafu kwenye nafasi, usiiache wazi. Maji yatatoka, uchafu utabaki, utakauka, na kitakachofuata sitakiandika.

6. Mtambulishe mbwa kambi na mto.

Mzungushe kwa kamba, pole pole, anuse. Mwonyeshe pa kujisaidia, okota, tupa kwenye pipa. Haruhusiwi kwenye vyoo na mabafu ya kambi, viwanja vya watoto wala ufukwe wa kuogelea.

Sasa mto. Hapa naomba unisikilize. Maji ya chini ya bwawa hayana tabia moja. Yanaweza kuwa yametulia, kisha mlango wa bwawa ukafunguliwa zaidi na mkondo ukabadilika. Usimrushie mbwa mpira majini karibu na bwawa, hata kama ni mwogeleaji hodari. Akichukuliwa utamfuata, na tutawatafuta wawili. Mfunge kamba hata ukingoni. Wavuvi ni wengi pale, na ndoana zenye chambo hubaki kwenye majani. Samaki aliyeoza naye ni manukato kwa mbwa.

Mwisho wa kiangazi, upande wa ziwani hasa, tazama rangi ya maji. Yakiwa kama yamemwagiwa rangi ya kijani, au yana utando, huenda ni mwani wenye sumu. Sumu hiyo huua mbwa, wakati mwingine ndani ya saa chache. Asinywe, asiingie, na akiingia asuguliwe kwa maji safi kabla hajajilamba, kisha mpigie daktari wa mifugo. Mbebee maji ya kunywa kwenye bakuli kila mnapotoka.

Ukitaka kumwachia akimbie, Iowa City ina bustani ya mbwa ya Thornberry, kando ya mto huo huo. Kibali kinatakiwa, kitafute kabla hujaenda. Na ukipenda kutembea mbali kuelekea Hawkeye Wildlife Area, juu ya ziwa, kumbuka kwamba vuli ni msimu wa uwindaji na pale uwindaji unaruhusiwa. Ndiyo kazi ya ile fulana ya chungwa. Mvishe, nawe vaa yako.

Watoto wapeleke kwenye korongo la visukuku (viumbe wa kale waliogeuka mawe) lililo hapo hapo bwawani. Mafuriko ya 1993 yalipita juu ya njia ya kumwagia maji kwa siku 28, yakabeba udongo na barabara, yakaacha wazi sakafu ya bahari ya miaka milioni 375 iliyopita. Matumbawe na makombe ya mawe unayakanyaga kwa viatu. Ukiyaona hayo unaelewa kwa nini nasema uangalie kimo cha maji kabla ya kuondoka nyumbani. Mto ukijaa, kambi za chini ndizo zinazofungwa kwanza.

7. Pika, lakini linda sahani.

Wamarekani kabla ya mechi hufanya teligeti: wanafungua nyuma ya gari, wanawasha jiko, wanakula na kunywa tangu asubuhi. Sisi tuliongeza mishikaki, chapati na kachumbari, na majirani wakaanza kuuliza tutakuwa nafasi namba ngapi mwaka ujao.

Kwa mbwa meza yetu ina hatari kuliko yao. Vitunguu maji na vitunguu saumu, vibichi au vilivyopikwa, huharibu damu yake. Kwa hiyo pilau, kachumbari na rosti si zake. Zabibu kavu za kwenye pilau huweza kuua figo. Mifupa iliyopikwa hupasuka vipande vyenye ncha. Na vijiti vya mishikaki! Vinanukia nyama, mbwa huvimeza vizima, vinatoboa utumbo. Tumia vya chuma, au hesabu vya mbao vikitoka na vikirudi. Kwa chakula cha Iowa chenyewe, ogopa bunzi la hindi. Haliyeyuki tumboni, hukwama utumbo na kuishia kwenye upasuaji. Pia chokoleti, pombe na pipi zisizo na sukari zenye ksilitoli.

Pipa la taka liwe na kifuniko. Wageni wakifika, waambie wote mara moja kwamba mbwa halishwi. Shangazi mmoja mwenye huruma anatosha kukupeleka hospitali ya wanyama saa saba usiku. Yeye mpe mfuko wa vipande vya kuku wa kuchemsha bila chumvi, alishe hivyo.

8. Siku ya mechi.

Mtembeze mbwa muda mrefu asubuhi, dakika 45 au saa nzima. Mbwa aliyechoka hulala. Waendao uwanjani waondoke mapema, wakiwa na mikoba ya plastiki inayoonyesha ndani, isiyozidi inchi 12 kwa 6 kwa 12. Usiendeshe gari-nyumba kwenda uwanjani kama una nafasi kambini. Tumia gari dogo au teksi ya simu. Na mbwa asiende akae kwenye gari dogo maegeshoni: nje kukiwa na nyuzi 27 za Selsiasi, ndani ya gari lililofungwa hufika kama 37 kwa dakika 10.

Anayebaki kambini asichoke kukagua. Hata ukimwacha mbwa ndani kwa dakika 20 ukaoge, kipima joto kiwe kimewashwa, mapazia yameshushwa, feni ya paa inazunguka na redio inasema kwa sauti ndogo. Umeme wa kambi unaweza kukatika siku kila gari limewasha AC, na ukikatika, AC yako imekufa nao bila kukuaga.

Ndege za kivita wakati mwingine hupita juu kabla ya mechi, na ushindi huleta fataki za watu binafsi. Mbwa mwoga aingie kizimbani, kizimba kifunikwe blanketi, ukae naye. Jioni hiyo mlango ufunguliwe tu akiwa amefungwa kamba. Saa za utulivu ni saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Jenereta na muziki vizimwe, hata kama Hawkeyes wameshinda.

9. Jumapili, wahi kituo cha maji machafu.

Ukienda saa nne asubuhi utakuta foleni ya magari ishirini yenye watu wenye maumivu ya kichwa. Nenda kabla ya saa mbili. Mwaga tangi la choo kwanza, kisha lile la maji ya sinki na bafu, ambalo husafisha bomba. Glavu mkononi. Mpira wa kuoshea pale si wa kujazia maji ya kunywa, usiuguse na wako mweupe.

Kabla ya kuondoka, zunguka gari mara mbili: turubai limekunjwa, jeki ziko juu, waya umechomolewa, vizuizi vimeokotwa, kamba ya mbwa haijabaki kwenye ndoano. Halafu mhesabu mbwa. Kuni zilizobaki waachie majirani. Usizibebe kwenda nazo nyumbani, wadudu wanaoua miti ya huku iitwayo ash husafiri ndani ya kuni, ndiyo maana hata wakati wa kuja unanunua za karibu na kambi.

Mambo yakiharibika

Umeme umekatika kwako peke yako. Zima AC na vyote vizito, angalia breka ya nguzo, kisha ya ndani ya gari. Kama kinga ya kwenye nguzo inaonyesha kosa, usilazimishe. Mwite mlinzi wa kambi.

Maji hayatoki ilhali tangi limejaa. Karibu kila mara ni swichi ya pampu. Usicheke, mwaka wa kwanza nilikaa nusu siku bila kuoga.

Harufu ya choo ndani. Ongeza maji kwenye tangi pamoja na dawa. Kosa la wageni wengi ni kubana maji chooni wakidhani wanafanya vyema.

Usiku ni baridi kali. Mwisho wa Oktoba maji huganda. Chomoa mpira wa nje, tumia tangi. Washa hita ya gari. Jiko la gesi si hita, na kigunduzi cha kaboni monoksidi (gesi ya sumu isiyo na harufu) kikilia, toeni watu na mbwa nje kwanza, maswali baadaye.

Mbwa hanyamazi. Funga mapazia asione wapita njia. Mpe kitu cha kutafuna. Ikishindikana mtembeze. Jirani akija kulalamika, omba radhi na umpelekee mshikaki. Umenifanyia kazi mara tatu.

Mbwa kapotea. Acha kizimba na blanketi lake nje ya mlango, mtu mmoja abaki hapo asiondoke. Wengine wazunguke wakiita kwa sauti ya kawaida, kuanzia mtoni. Mwarifu mlinzi wa kambi na kituo cha wanyama cha Iowa City, na piga kampuni ya chipu waandike kwamba amepotea.

Mbwa kanyunyiziwa na skanki, yule mnyama mweusi mwenye mstari mweupe, binamu wa kicheche wetu kwa tabia. Usimwingize ndani. Usimlowanishe kwa maji kwanza. Changanya robo galoni ya haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, robo kikombe cha baking soda na kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya vyombo. Msugue pale pale, ukiepuka macho na mdomo, acha dakika tano, suuza. Changanya unapohitaji tu na umwage kinachobaki, kwa sababu ukikifungia kwenye chupa kitajaa gesi na kupasuka. Na kola ioshe hivyo hivyo, ama sivyo umeosha mbwa bure.